Wakfu Ndani ya Kompyuta

Mtu anunuaye kompyuta hapa Tanga, aghalabu kuukuu iliyokwisha kutumika Ulaya, hudhani amekuwa mwenye mali kamili. Walakini mfumo endeshi uliomo, ukiwa ni wa kampuni, hakuununua, bali amepewa idhini ya kuutumia, kwa sharti asiufumue akatazama umeundwaje. Na ukiwa umenakiliwa kwa siri, hata idhini hiyo hana. Hapo ndipo dhamiri huuliza: je, elimu yaweza kuwa milki ya mtu hata akawaharimishia wengine kuitazama?

Fundi wa Ngamiani afufuaye kwa mfumo endeshi wa Linux mashine yenye RAM ya gigabaiti 2 husifu wepesi wa mfumo huo na kutolipiwa kwake. Ni sifa za haki, lakini kwangu hizo ndizo ndogo. Kubwa ni sharti la leseni yake.

Wazee wa pwani hii walilijua sharti la namna hiyo. Katika vitabu vya kale vilivyohifadhiwa Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vilivyoandikwa kwa mkono ya kuwa ni wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa, ili mwanafunzi ajaye avikute. Na mwaka 1989 Richard Stallman, Mmarekani ambaye mwenyewe hafuati dini yoyote, alitoa leseni ya GPL, isemayo kwamba kila mtu aweza kuitumia programu, kuichungua, kuibadili na kuigawa, ila agawaye nakala aliyoibadili lazima ampe mpokeaji msimbo wake na uhuru ule ule aliopewa yeye. Linus Torvalds wa Finland, aliyeianza Linux mwaka 1991, aliiweka chini ya leseni hiyo mwaka uliofuata. Atumiaye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na afungue folda ya /usr/share/common-licenses: atalikuta sharti hilo, neno kwa neno, limo ndani ya mashine yake.

Fakihi atapinga kwamba wakfu hauuzwi, ilhali nakala za programu hizi yaruhusiwa kuziuza. Amesema kweli, nami sidai kutoa fatwa. Lakini kisima cha wakfu hukauka, na kitabu huliwa na mchwa, ilhali programu hii hainakiliwi ikapungua. Basi kama ilikuwa fadhila kutoa kile kipunguacho, kuna udhuru gani wa kukihodhi kisichopungua? Anayetunga programu astahili ujira wa kazi yake, hilo sina shaka nalo; ninalolikataa ni kumfumba macho aliyekwisha kulipa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizofasiriwa katika mradi ulioitwa Kilinux. Wafasiri wale hawakungoja kampuni ya ng'ambo ipime kama sisi wasemaji wa Kiswahili tu soko la kutosha, kwa kuwa idhini ya kuifasiri kazi ile, nayo yenye uhuru kama huo, ilikuwamo ndani ya kazi yenyewe, kabla hawajaiomba.