Wimbo Usio na Mrithi

Ukitaja muziki wa klasiki mbele ya vijana, wengi watakuchorea picha ya Wazungu waliovaa suti nyeusi, fidla mabegani, katika ukumbi ambao hata kukohoa ni kosa. Ukitaja muziki wa pop, picha ni ya redio, baa na harusi. Halafu hukumu inatoka haraka: ule wa wasomi, huu wa wahuni. Ndugu msomaji, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuanze na Wazungu wenyewe. Kwa maana finyu, klasiki ni muziki wa Ulaya wa kama miaka 1750 hadi 1820, zama za Haydn, Mozart na Beethoven. Kwa maana pana ni muziki wao wote wa kuandikwa kwa nota, ambapo mtunzi anaandika na wapigaji wanaifuata karatasi. Simfoni ya Tisa ya Beethoven ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, nayo inachukua zaidi ya saa nzima. Beethoven alikufa 1827, lakini hadi leo inapigwa na watu ambao hata babu zao hawakumwona.

Pop haiendi hivyo. Wimbo ni dakika tatu au nne, na kazi yenyewe ni ile sauti iliyorekodiwa. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Bendi nyingine inaweza kupiga nyimbo zake, lakini mpenzi wa Mbaraka atakwambia, "Aah, huyu si Mbaraka." Anataka koo lile lile na gitaa lile lile.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye akili wala heshima. Mozart huyo huyo alilipwa mshahara kutunga muziki wa kuchezea dansi za jumba la kifalme. Na kazi kubwa nayo inaweza kulala. Bach alikufa 1750. Muziki wake wa Mateso kwa Injili ya Mathayo ulikuwa karibu kusahaulika, mpaka Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipouongoza tena Berlin mwaka 1829. Wimbo unakuwa klasiki pale mtu anapokubali kujifunza kwa jasho kitu ambacho si chake, ili naye amkabidhi mwingine.

Kwetu tumeona hivyo hivyo. Taarab ilikuwa ya jumba la Sultani Zanzibar, tena kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika umaskini, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Watu wakazinunua. Ile ilikuwa pop ya siku zake! Leo tunaiita taarab asilia, na wapo vijana wanaokaa darasani kujifunza udi na ganuni, kama katika chuo cha Dhow Countries kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002.

Sasa turudi huku Kusini. Kiegei, Nachingwea hadi Ruangwa, klasiki yetu ni ipi? Mimi nasema ni nyimbo za jando na unyago. Hazina nota, lakini zina sheria kali: nani aimbe, siku gani, mbele ya nani. Zina mwalimu wake, nyakanga, aliyefundishwa na nyakanga mwingine. Huo ni urithi wa klasiki kabisa, ila karatasi yake ni kichwa cha bibi mmoja. Akifa bila mwanafunzi, hakuna Mendelssohn wa kuja kufufua.

Mtu atasema: rahisi, chukua simu urekodi. Hapo ndipo penye mtihani. Wimbo wa unyago umetungwa usisikike na kila mtu. Ukiuweka hadharani umeuokoa, au umeuua? Sindimba ya Wamakonde ilipandishwa jukwaani baada ya uhuru, nchi nzima ikaijua kwa kukata kiuno. Mafunzo yaliyokuwa nyuma ya kiuno hicho wangapi wanayajua?

Msimamo wangu ni huu: hatuna haki ya kurekodi kitu tusichokuwa tayari kujifunza. Kwanza mtu akae chini ya mwenye wimbo, awe mwanafunzi wake. Kisha mwenye wimbo ndiye aseme kipi kitoke na kipi kibaki ndani. Akisema kibaki, kibaki, hata kama sisi waandishi tunawashwa na kalamu.

Sisemi tuache muziki wa vijana; mimi mwenyewe nautingisha kichwa. Nyimbo nyingi za leo zitapita, na kupita si dhambi. Chache zitabaki, kama za Siti zilivyobaki. Lakini zile za kina bibi zinamhitaji mrithi sasa hivi, wakati wenyewe bado wapo. Katika sisi tunaosoma kurasa hizi, nani atakwenda kukaa kwenye mkeka?