Fedha Zilizofungwa Katika Leso



Matanga yakiisha, wafiwa huketi kuangalia aliyoyaacha marehemu. Shamba mipaka yake yajulikana, nyumba yajulikana, mbuzi huhesabika. Lakini mara nyingine, chini kabisa ya kasha la bibi, hutoka leso iliyofungwa fundo, na ndani yake mna sarafu kuukuu za fedha ambazo hazinunui kitu tena dukani. Hapo mmoja wa ndugu, aliyekaa mjini na kusikia mengi, husema kwa upole: "Gawaneni ninyi vitu vya maana, mimi niachieni hizi, ziwe ukumbusho." Wote humsifu kwa kukosa tamaa. Je, ikiwa yeye ajua bei yake na wenzake hawajui, ametenda haki?

Kabla ya kujibu, na tuone jinsi bei yenyewe inavyopatikana. Huulizwa mambo mawili: mna fedha safi kiasi gani ndani ya sarafu, na je, sarafu ya namna hiyo ni adimu?

Macho peke yake hayatoshi. Pwani yetu ilitumia reale yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780, na wengi wakiuona mwaka huo hudhani wameshika hazina. Kumbe iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule hata karne ya 20, katika miji ya Vienna, London, Roma na Bombay. Nyingi si adimu. Hata hivyo uzito wake ni gramu 28, na zaidi ya gramu 23 ni fedha safi. Rupia ya Wajerumani, iliyoanza kupigwa mwaka 1890, yenye sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya tai, ina gramu 11.66, na sehemu 11 katika 12 ni fedha. Lakini shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye simba, iliyopigwa kati ya 1921 na 1946, robo yake tu ndiyo fedha, yaani chini ya gramu 2. Na zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha kabisa. Basi rupia moja ina fedha kuliko shilingi tano, ingawa zote hung'aa.

Kwa hiyo sarafu hupimwa kwa mizani ya sonara, kisha gramu za fedha safi huzidishwa kwa bei ya gramu moja siku ile. Bei ya dunia hutajwa kwa aunsi, na aunsi ya fedha ni gramu 31.1. Ikiwa sarafu ni adimu, kama ile ya rupia mbili ya Wajerumani ya mwaka 1893 au 1894, wakusanyaji huweza kutoa zaidi sana. Tusizisugue kwa majivu wala kwa dawa, maana wakusanyaji huipunguzia bei iliyosuguliwa. Na ile iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, kwa kawaida hubaki na bei ya fedha yake tu.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Atajitetea: "Sikusema uongo. Hawakuniuliza." Ni kweli, hakusema uongo. Lakini wenzake walimpa ukumbusho, hawakumpa mali. Walichokikubali sicho alichokichukua. Ridhaa ya mtu asiyejua ni ridhaa ya nusu.

Wengine watasema kwamba hata mfanyabiashara hununua kwa bei ndogo na kuuza kwa kubwa. Naam, na faida ya jasho lake hatumnyimi. Ila na apime mbele ya mwuzaji, na uzito autaje. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya mwenyewe, kisha akiisha kwenda zake hujisifu. Ikiwa mgeni wa sokoni hulaumiwa hivyo, je, ndugu wa tumbo moja?

Lakini tusimlaumu yeye tu. Sisi nasi huona haya kuuliza bei ya kitu cha marehemu, au cha zawadi, kana kwamba kuuliza ni kumdharau aliyetupa. La hasha. Kutouliza ndiko kunakomfungulia mjanja mlango. Tena huleta ubaya wa upande wa pili: watu hukosana miaka mingi kwa ajili ya mali wanayoidhania. Ingekuwa huzuni iliyoje wana wa mama mmoja wasizikane kwa ajili ya shilingi nane za simba, ambazo zote pamoja hazifikii fedha iliyo katika reale moja!

Basi shauri letu ni hili. Leso na ifunguliwe mbele ya wote. Sarafu zihesabiwe, zipimwe, na uzito na bei ya siku ile viandikwe kwenye karatasi. Hapo ndipo wagawane. Na ndugu yule, akipenda bado kuzichukua kwa ukumbusho, wenzake watampa wakijua wanampa nini, naye atapokea bila kuficha macho. Huenda wakamwachia zote bure. Lakini hapo itakuwa zawadi kweli.