Waya wa Dhahabu Ukutani

Mjomba wangu wa Mbagala alilelewa na antena. Kwa miaka mingi kazi yetu watoto ilikuwa kushika mlingoti uani na kupaza sauti, "Imekaa?" naye sebuleni anajibu, "Bado, chenga tupu!" Akibadilisha waya, chenga zinapungua, akinunua wa bei zaidi, zinapungua tena. Kwa hiyo mwaka 2022, aliponunua TV ya 4K na kwenda Kariakoo kutafuta waya wa HDMI, elimu alikuwa nayo tayari: waya ghali, picha safi.

Muuzaji alimsoma mara moja. Akamtolea wa mita 15, vichwa vya dhahabu, umevishwa nyuzi zilizosukwa kama kamba ya kiatu. "Hii mzee wangu ni 2.1, original. Inang'arisha picha." Mjomba akalipa bila hata kuomba apunguziwe.

Maneno yale machache yalibeba uongo mara mbili. Namba kama 2.0 na 2.1 ni za mashine, si za nyaya. Nyaya hutajwa kwa uwezo wa kubeba mzigo: ulioandikwa Premium High Speed hubeba gigabiti 18 kwa sekunde, Ultra High Speed 48, na boksi la ule wa kweli huwa na lebo yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Na hakuna waya wa HDMI unaong'arisha picha. Picha hupita humo kama tarakimu. Zikifika zote, waya wa shilingi 10,000 na wa 100,000 hutoa kitu kile kile. Zisipofika zote, huoni chenga za zamani. Unaona vinukta vyeupe vinavyometameta, au kioo kinakuwa giza kisha kinarudi. Dhahabu, kwa haki yake, haishiki kutu, na sisi wa pwani tunaijua chumvi ya hewa yetu. Inaishia hapo.

Mita 15 alizitaka ili king'amuzi kikae kabatini upande wa pili wa sebule, wajukuu wasikichezee. Fundi akachimba ukuta, akalaza waya ndani ya udongo bila paipu, akaukunja kwenye kona kama anayekunja mkeka, akapiga plasta na rangi. Wiki zikapita salama, kwa sababu king'amuzi kilikuwa kinatoa 1080 tu, mzigo mdogo.

Balaa nililileta mimi. Jumapili ya tarehe 18 Desemba, fainali ya Kombe la Dunia, nilikuja na boksi langu la Android, nikalichomeka kabatini mahali pa king'amuzi. Saa kumi na mbili jioni mpira ukaanza, watu wamejaa hadi mlangoni. Mapema tu vinukta vikaanza kumetameta. Nikasema, kwa kujiamini, "Intaneti hiyo." Nilipaswa kujua: intaneti ikizidiwa, picha hufifia au huganda na kile kiduara kuzunguka. Haimwagi nyota.

Argentina mbili, Ufaransa sifuri. Dakika ya 80 Mbappé akafunga penalti. Dakika ya 81, giza. Tukasikia nyumba ya jirani ikilipuka kwa kelele, sisi tunatazama kioo cheusi. Picha iliporudi, ilikuwa mbili kwa mbili.

"Mjomba," akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya hatari, "umenifanya nini?"

Kabla ya muda wa nyongeza nikaingia kwenye mipangilio ya boksi. Lilikuwa linatuma 4K, picha 60 kwa sekunde, karibu gigabiti 18, kupitia waya mrefu wa shaba uliovunjwa shingo ndani ya ukuta. Kwa mzigo ule, waya wa kawaida wa shaba ukizidi mita 5 hivi tayari unatia shaka. Kwa safari ndefu hutafutwa ule wenye nyuzi za nuru ndani, na hata huo una kichwa cha kifaa na kichwa cha TV, ukiugeuza hakuna kitu. Nikashusha hadi 1080. Mzigo ukabaki robo, picha ikatulia mpaka Argentina waliposhinda kwa penalti 4 kwa 2. Hakuna aliyelalamika kwamba picha imeshuka. Programu yenyewe ilikuwa ikileta mechi kwa 1080.

Kuung'oa waya ule ni kubomoa ukuta, kwa hiyo umebaki humo, na king'amuzi kinautumia. Angewekewa paipu, ungevutwa na mwingine kupitishwa kwa dakika chache. Boksi tulilinunulia waya wa mita 2, wenye lebo ikaskanika, kwa bei ambayo mjomba aliniomba nisiitaje mbele za watu. Tumelibandika nyuma ya TV, juu, ambako wajukuu hawalifikii hata wakipanda kiti. Mkaza mjomba anasema hivyo ndivyo alivyoshauri kuhusu king'amuzi siku fundi alipoingia na patasi.