Nusu ya Ushuhuda
Somo: Matendo ya Mitume 5:1-11, 2 Wafalme 20:1-7

Leo nataka tuulizane swali ambalo limenisumbua mwaka mzima: mtu akisema maneno ya kweli tupu, anaweza kuwa amedanganya?

Wengi wenu mnakumbuka ushuhuda niliotoa kwenye kesha. Nilisema vidole vyangu vilikuwa vimefura hadi asubuhi mke wangu ndiye alinifunga vifungo vya shati. Halafu nikainua mikono, nikaikunja na kuikunjua mbele yenu. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Kila neno nililosema lilikuwa kweli.

Kile sikusema ni hiki. Nina ugonjwa wa baridi yabisi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Kila Jumatatu usiku, watoto wakishalala, mimi huosha mikono, napangusa paja kwa spiriti, nafinya ngozi, najidunga sindano na kusukuma dawa polepole. Wiki hii paja la kulia, wiki ijayo la kushoto. Dawa inaitwa methotreksati. Ni ya mara moja kwa wiki. Ukikosea ukaitumia kila siku inaweza kukuua. Nilianza na vidonge, tumbo likakataa, ndipo daktari akanihamisha kwa sindano. Nameza pia foliki, ile akina mama wajawazito hupewa kliniki, ili kupunguza madhara. Na lazima nipimwe damu mara kwa mara kuona kama ini linavumilia.

Jumanne ndiyo siku mbaya. Chai ikinukia tu, nataka kutapika. Kichwa kizito, mdomo una vidonda, mwili kama nimeshinda nikibeba simiti. Nilichagua Jumatatu makusudi, ili Jumapili ikifika niwe nimesimama. Sasa, mshirika mmoja aliniona Jumanne nikikataa chakula akasema, "Pasta, kumbe hii ndiyo siku yako ya kufunga!" Nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema la. Haukupita mwezi, nikasikia vijana wawili wanafunga kila Jumanne kwa kufuata mfano wangu.

Hiyo ningeweza kuicheka. Lakini mama mmoja wa kanisa letu akaja kuniona ofisini. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza, nami nikaijua hiyo mikono kabla hajaongea. Akasema, "Pasta, mimi niko na ule ugonjwa wako. Baada ya ushuhuda wako nilitupa dawa kwa choo. Nikasema, kama Mungu amemfanyia pasta, atanifanyia na mimi. Sasa ni miezi minne. Niambie, imani yangu ina shida gani?"

Nikamwambia yote, hadi ile ya Jumanne. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Sasa mbona hukusema?"

Kabla ya kuitwa kwa huduma nilisomea biashara. Huko tulifundishwa kwamba hesabu za kampuni zinaweza kuwa na namba za kweli mstari kwa mstari na bado zikawa za uongo, kwa sababu kuna mkopo mkubwa haukuandikwa. Mtu akiweka pesa zake kwa kuamini hesabu hizo, huwezi kujitetea ati mauzo yalikuwa sahihi. Atakuuliza, ulitaka niamini nini?

Ndiyo kesi ya Anania. Petro alimwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza, pesa zilikuwa mkononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha kuleta hata shilingi. Kosa lake ni kwamba alileta sehemu, akaiweka miguuni pa mitume kana kwamba ni yote.

Mtu atasema, lakini ugonjwa ni siri ya mtu. Ni kweli. Hakuna mshirika anayedaiwa maelezo ya kile anachomeza nyumbani kwake. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kwa amani. Lakini mimi sikunyamaza. Nilipanda madhabahuni, nikapokea shangwe, nikaleta nusu.

Mwingine atauliza, ukitaja sindano, si utukufu wa Mungu utapungua? Kusema ukweli, mimi niliogopa utukufu wangu ndio utapungua. Niliogopa mtasema imani ya pasta ni ndogo. Someni habari za Hezekia. Aliomba kwa machozi, Mungu akasikia, akamtuma Isaya aseme mfalme atapona na kuongezewa miaka 15. Halafu Isaya huyo huyo akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Aliyeandika kitabu angeweza kuziacha tini nje, na muujiza ungeonekana mkubwa zaidi. Hakuziacha.

Yule mama alirudi kliniki, mke wangu akamsindikiza. Maumivu yamepungua, lakini vidole viwili vimebaki vimepinda. Daktari hakusema ni kwa sababu ya ile miezi minne. Mimi nami siwezi kusema si kwa sababu hiyo. Nimemwomba msamaha, amenisamehe, na bado nikimpa mkono mlangoni Jumapili navihisi vile vidole.

Je, nimepona? Nina nafuu kubwa, na namshukuru Mungu kwa nafuu hiyo na kwa dawa iliyoileta. Bado naomba uponyaji kamili. Siku daktari wangu akiniambia niache sindano, nitawaambia. Kwa sasa najidunga.

Kwa hivyo, mpendwa, usiache dawa yako kwa sababu ya ushuhuda wa mtu, hata ukiwa wangu. Ukiona inakushinda, ongea na daktari wako, naye akurekebishie. Na wewe unayejiandaa kushuhudia, jiulize kwanza: yule mgonjwa wa kiti cha nyuma, akisikia haya, ataenda nyumbani kufanya nini?

Na vijana wangu wa Jumanne, kama ni Bwana aliyewaambia mfunge, endeleeni. Kama ni mimi, kuleni.

Neema ya Bwana iwe nanyi.