Uliza Kwanza: Tangu Lini?

Somo: Marko 9:14–29, Waefeso 6:4



Yule baba alipomletea Yesu kijana wake aliyekuwa akianguka motoni na majini, Bwana hakuanza kwa kukemea. Alimwuliza baba kwanza: hali hii ilimwanza lini? Mwenye uwezo wote aliuliza swali, akasubiri jibu.

Mimi sikuuliza. Mama mmoja hapa Mfangano aliniletea mtoto wa miaka 9. Ukimtuma sukari, chumvi na sabuni, anarudi na sabuni tu. Ukimkataza kitu, analia na kurusha mawe. Nilimwekea mikono, nikakemea roho ya ukaidi, nikamwambia mama asihurumie kiboko. Miezi ikapita, mtoto ni yule yule, na sasa akiniona anakimbia. Ndipo nikauliza. Mama akasema, "Pasta, ni tangu ile malaria ilipanda kichwani, akapoteza fahamu siku mbili."

Ng'ambo ya ziwa letu, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa Hospitali ya Mulago na malaria ya aina hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miaka 2 baadaye, takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na shida ya kuzingatia jambo, kukumbuka au kujifunza.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naelewa hivi. Duka linaweza kujaa mali, lakini meneja akiwa mgonjwa, kazi inaharibika. Kichwani mwa mtoto pia kuna meneja: anayepanga, anayeshika maagizo, anayezuia mkono kabla haujapiga. Kwa kila mtoto anakua polepole. Kwa wengine ameumia. Sikatai kazi ya adui, lakini si kila ukaidi ni pepo, na kiboko hakiponyi meneja.

Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto, bali wawalee. Basi mpe agizo moja, si matatu. Mwambie alirudie. Akifanya, msifu. Akikasirika, ngoja atulie ndipo umfundishe. Na homa ikimshika, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maombi tutaomba tukiwa njiani.

Nilirudi kwa yule mama nikaomba msamaha, kwake na kwa mtoto. Bado namwombea, ila sasa najua ninachoombea. Jumapili iliyopita nilimtuma kiti kimoja. Akakileta.

Kanisa, semeni Amina.