Mlevi Hajifichi, Anayeacha Hujificha

Kwenye ploti za mabati pale Kambi Muru, Kibera, mlevi hana siri. Kati yako na jirani kuna bati moja tu. Anajua ulirudi saa ngapi, uliimba wimbo gani, na kama mlango uliufungua kwa ufunguo ama kwa teke. Asubuhi unasalimiwa kama kawaida. Watu wanacheka kidogo, wanasema jana ni pombe ilikuwa inaongea, na maisha yanasonga.

Sasa mwambie mtu huyo huyo kuna kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Swali lake la kwanza litakuwa: kinakutana wapi? Kikiwa karibu, hataki. Afadhali avuke Ngong Road aende mpaka Kawangware, akae na watu wasiojua jina la baba yake. Si ni ajabu? Kulewa alilewa mbele ya kila mtu. Mbona kuacha anataka kuache gizani?

Mimi naona sababu ni hii: mlevi hatarajiwi chochote. Asipolipa deni, hakuna anayeshangaa. Asipokuja mazishini, tunajua alipo. Lakini siku atakayotangaza kwamba ameacha, ameahidi mtaa mzima kitu. Kila mtu sasa anahesabu. Akionekana amesimama karibu na kwa mama pima, hata kama anangoja mtu tu, habari imefika nyumbani kabla yake. Kwa hivyo kinachomtia aibu si pombe. Ni hofu ya kujaribu na kushindwa watu wakiangalia.

Halafu kuna jambo lingine ambalo wahubiri wengi hulisahau. Chang'aa si mgeni Kibera. Wanubi, wanajeshi wa asili ya Sudan waliopewa makao huko mwanzoni mwa karne iliyopita, walikuwa wakikereka pombe kali ambayo Nairobi ya wakoloni iliiita Nubian Gin. Serikali ya Kenya ilipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, kisha sheria ya mwaka 2010 ikaondoa marufuku hayo na kutaka itengenezwe kwa leseni. Miaka yote hiyo glasi haikukosekana. Mama pima analipa karo ya watoto kwa hizo glasi. Pale kwake ndipo unasikia kuna kibarua cha mjengo kesho, ndipo mchango wa matanga unaanzia. Kwa hivyo ukimwambia mtu aache pombe, mara nyingi unamwambia aache marafiki, na pengine kazi pia. Lazima apate watu wengine mahali fulani.

Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara aitwaye Bill Wilson alikuwa hotelini, biashara yake imeanguka, na baa iko hapo hapo. Badala ya kuingia, alishika simu akatafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari Bob Smith. Wilson alikuwa anajiokoa mwenyewe, na kutoka kwa mazungumzo yao kukazaliwa Alcoholics Anonymous, ama AA. Huko hakuna ada, hakuna anayekuuliza dini wala kitambulisho. Sharti ni moja tu: uwe unataka kuacha. Jina moja linatosha.

Kuna wanaosema huku kujificha si kwetu. Kwetu, wanasema, mtu hupona akizungukwa na watu wake. Hoja hiyo ina uzito. Kama hakuna anayejua umeacha, nani atakataa kukumiminia? Lakini angalia kinachotokea kwa ushuhuda wa kanisani. Ndugu anaitwa mbele, anasema ameokoka, ameacha keroro, tunapiga makofi. Jumatano anaanguka. Jumapili hatumwoni. Si eti Mungu amemkataa, ni yale makofi anayaogopa.

Kikundini, anayeanguka anarudi na kusema leo ni siku yake ya kwanza tena. Hesabu inaanza upya, na kiti chake bado kipo. Wale wanaomsikiliza nao wamewahi kuanza upya. Kwa hivyo siri ile haimfichi mtu kwa wenzake, maana mle ndani anasema yote. Inamlindia tu njia ya kurudi.

Kikundi si hospitali, hilo lisemwe wazi. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka mpaka apate kifafa, na hata kufa. Aanzie kwa daktari. Namba ya NACADA, 1192, hupigwa bure.

Na sisi majirani tunadaiwa nini? Nadhani ni kidogo, ila ni kigumu. Ukimwona mtu wa ploti yenu akiingia mahali pale, hukumwona. Akikataa glasi, usimwambie moja haiui, na usimuulize amefikisha siku ngapi. Mpe chai, mwambie kama kuna kibarua. Tulimvumilia akiwa amelewa bila kumuuliza maswali. Tunaweza kumvumilia vivyo hivyo akiwa anajaribu.