Tuwafunze Wanafunzi Wetu Kushauriana

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfunza kusema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.



Katika Aya ya 38 ya Sura ya Ash-Shura Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa sifa nne zilizofuatana: kwamba wao humuitikia Mola wao, na husimamisha Sala, na mambo yao huyaendesha kwa kushauriana, na hutoa katika vile walivyoruzukiwa. Itazameni sifa ya tatu ilipowekwa. Imewekwa baina ya Sala na kutoa. Na Sura hii ni ya Makka, iliteremka Waislamu wakiwa wachache na wanyonge, hawana dola wala mji. Basi asidhani mtu kuwa kushauriana ni kazi ya wafalme na mawaziri tu. Ni sifa ya kila Muislamu, popote walipo watu wawili wenye jambo moja.

Sasa tujiulize. Sala twawafunza watoto wetu tangu wana miaka saba. Kutoa twawafunza kwa kuwatia senti mkononi wampe maskini mlangoni. Na hilo lililo katikati, ni nani anayewafunza, na kwa siku gani?

Nitaeleza lililonifika mimi mwenyewe, wala simtaji mtu. Miaka michache iliyopita nalikuwa mmoja wa watu saba tuliokabidhiwa madrasa ya mtaani, pamoja na nyumba ya wakfu ambayo kodi yake ndiyo iliyokuwa ikiiendesha. Sote saba twajua kusoma, na watatu katika sisi wamehifadhi Qur'ani yote. Paa la madrasa likaanza kuvuja. Wengine wakaona kodi itumike kuezeka. Wengine wakaona kwanza walipwe walimu mishahara yao iliyolimbikizana. Kila rai ilikuwa na hoja yake. Lakini hatukuzipima hoja, tulipimana sisi. Mmoja akatajiwa ukoo wake. Mwengine akaambiwa kuwa si mtu wa mtaa huu. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nalimkata kauli mzee aliyenizidi umri, kisha nikatoka nikaubamiza mlango. Ikaja mvua ya masika, paa likaanguka usiku upande wa darasa la wadogo. Tumshukuru Mola kuwa ulikuwa ni usiku. Madrasa ikafungwa, watoto wakatawanyika, na wako ambao mpaka leo hawajarudi chuoni.

Baadaye nikakaa nikahisabu. Watano katika sisi saba tulisoma utotoni juu ya mkeka mmoja, mbele ya mwalimu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alitufunza kuitoa kila herufi mahali pake. Kila mmoja alisoma somo lake kwa sauti yake, na chuo kizima kikivuma kama mzinga wa nyuki. Lakini hata siku moja hatukupewa kazi ambayo mtu hawezi kuimaliza ila kwa mwenzake. Na aliyemnong'oneza mwenzake neno alilolisahau, alipata bakora. Simlaumu mwalimu wangu; alitufunza kama alivyofunzwa. Lawama ni yangu, kwani na mimi nimefunza miaka mingi kwa njia ile ile, nami nalikuwa nikiisoma Aya ile kila nilipoifikia.

Najua kuwa wako watakaosema: Chuo ni mahali pa kuhifadhi, si mahali pa mazungumzo, na mtoto akizoezwa kusema mbele ya wakubwa atakosa adabu. Hawa nawajibu kwa kisa cha Badri, mwaka wa pili wa Hijra. Mtume (S.A.W.) aliposhukia mahali karibu na visima, Hubab bin Mundhir alimwendea akamuuliza kwanza kama mahali pale ni amri iliyotoka kwa Mwenyezi Mungu, au ni rai na mbinu ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, hapo ndipo aliposhauri wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume (S.A.W.) akaikubali rai yake, na jeshi likahama. Mzingatieni Hubab alivyofanya. Aliuliza kabla ya kupinga. Aliposema, alisema na sababu yake. Na alisema mbele ya mkuu wake, si barazani nyuma ya mgongo wake. Hiyo ndiyo adabu. Ama mtoto anyamaze mbele yetu kisha akatusengenye nje, huo ni woga tu tuliouvika kanzu ya adabu.

Na wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya skuli. Ni kweli kwamba Mtaala wa Umilisi wa hapa Kenya, ulioanza kufuatwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, umetaja aina saba za umilisi wa kimsingi, na ya kwanza ni mawasiliano na ushirikiano. Hilo ni jema wala hatulipingi. Lakini itakuwa aibu kwetu, mtoto afunzwe asubuhi skuli kumsikiliza mwenzake, kisha alasiri aje chuoni asilikute jambo hilo, akadhani kuwa dini yake hailijui. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni alimuomba Mola wake amfungue fundo la ulimi ili watu waifahamu kauli yake, na akaomba apewe ndugu yake Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha kuliko yeye. Mtume mkubwa kama huyo hakuona haya kukiri kuwa mwenzake amemzidi katika jambo.

Basi tufanye nini? Hapa sihubiri mambo yaliyo mbali. Nataja manne ambayo kila chuo chaweza kuyaanza Jumamosi ijayo bila ya kununua kitu.

La kwanza, marejeo ya Qur'ani yawe ya wawili wawili. Jibrili alikuwa akidurusu Qur'ani pamoja na Mtume (S.A.W.) kila Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho walidurusu mara mbili. Basi mmoja asome na mwengine amsikilize, amrekebishe kwa upole, kisha wapokezane. Na mwalimu amuulize kila mmoja somo la mwenzake kama anavyomuuliza somo lake.

La pili, mara moja kwa juma mwalimu atoe mas'ala moja ya maisha: mathalan maji ya birika yamepungua, nani atangulie? Na iwe sharti kwamba anayetaka kumjibu mwenzake, kwanza aieleze rai ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri kuwa hivyo ndivyo alivyokusudia. Sharti hili ni dogo, lakini lau sisi watu saba tungalikuwa nalo, paa lingaliezekwa.

La tatu, wapewe kazi kwa makundi, wakubwa na wadogo pamoja. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa tano wa Hijra, Salman Mfursi alitoa shauri la kuchimba handaki, na imepokewa kuwa kila watu kumi waligaiwa dhiraa arobaini. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba mchanga mpaka vumbi likamfunika tumbo. Kwetu, kundi moja lishike birika, moja mikeka, moja hisabu ya mchango mdogo wa chuo, na kila kundi lieleze mbele ya wenzao lilivyofanya na lilivyokosea. Wasichana nao wawe na makundi yao na wasikizwe vile vile, kwani ndio watakaoendesha nyumba na kufunza wana.

La nne, nalo ndilo zito kwetu sisi walimu: mwanafunzi amsikie mwalimu wake akisema "sijui" na "nimekosea". Imam Abu Hanifa alikuwa akiwatolea wanafunzi wake mas'ala wakayajadili, na Abu Yusuf na Muhammad bin Hassan walimkhalifu katika mas'ala mengi. Khitilafu zao zimeandikwa katika vitabu vya madhehebu yake, wala daraja yake haikupungua.

Lakini tahadharini. Kushirikiana si jambo jema kwa kila hali. Hata wezi hushirikiana. Katika Sura ya Al-Maida tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchaji Mungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Basi mtoto afunzwe pia kulikataa kundi lake linapopotoka, alikatae waziwazi na kwa maneno mazuri.

Na nyinyi wazee wenzangu, mtoto arudipo jioni twamuuliza, "Umefika Sura gani?" Suali hilo ni zuri, tusiliache. Lakini tuongeze la pili: "Na mwenzako amefika wapi?" Akiwa hajui, tujue kuwa somo halijatimia.

Ama mimi, nalimwendea yule mzee nikamuomba radhi, naye akaniradhia. Tumeanza tena kukutana, na paa bado halijaezekwa. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuunganishe nyoyo zetu, atufungue ndimi zetu kwa haki, na awajaalie watoto wetu kuwa bora kuliko sisi. Amin.